Mfanyabiashara wa Ziwa Victoria aliyenyongwa juu ya mti

JANUARI 15, mwaka 1895, kando ya mto Lindi huko mashariki ya Kongo, maofisa wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji walimtundika Mzungu mwenzao juu ya mti mpaka akakata roho. Msomaji asichanganye. Lindi hii si ile ya pwani ya kusini mwa Tanzania, bali ni mto unaomwaga maji yake katika mto Kongo jirani na Kisangani.

Aliyenyongwa aliitwa Charles Henry Stokes. Alikuwa mfanyabiashara ambaye kwa miaka mingi hakuna bandari wala kambi ya kusini mwa Ziwa Victoria ambako jina lake halikujulikana. Kesi yake ilisikilizwa Januari 14, hukumu ikatoka siku hiyo hiyo, na kesho yake akawa maiti. Hakukuwa na wakili, hakukuwa na karani wa kuandika mwenendo wa shauri, na nafasi ya kukata rufaa, ambayo ilikuwa haki yake kisheria, hakupewa.

Kosa lake lilitajwa kuwa ni kuuza bunduki, baruti na fataki kwa Waarabu na Waswahili waliokuwa wakipigana na serikali ya Leopold. Lakini ili kuelewa jinsi mtu aliyekuja Afrika kuhubiri Injili alivyoishia kwenye kamba kwa ajili ya baruti na pembe za ndovu, ni lazima kurudi nyuma miaka kumi na saba, katika njia ya wapagazi iliyotoka Saadani kuja ziwani.

Stokes alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1852, akasoma Enniskillen. Baba yake alipofariki alihamia Liverpool kwa mama yake na kufanya kazi za ofisini, kisha akajiunga na Shirika la Kimisionari la Kanisa la Uingereza, lile ambalo wengi hulijua kwa herufi CMS. Hakuwa padri. Alikuwa mwinjilisti wa kawaida, mtu wa kazi za mkono na za safari. Mei 1878 akashuka Unguja.

Shirika lilikuwa na shida moja kubwa. Lilikuwa limeshapeleka watu Buganda kwa Kabaka Mutesa, lakini kuwafikishia chakula, dawa, nguo na vifaa ilikuwa kazi inayoua. Hapakuwa na reli, hapakuwa na barabara, na punda na ng'ombe waliokokota mizigo walikufa njiani kwa mbung'o. Kila kitu kilikwenda juu ya kichwa au bega la mtu, ratili 60 hadi 70 kwa mpagazi mmoja, yaani kama kilo 30, mwendo wa miezi mitatu hivi kutoka pwani hadi ziwani endapo mambo yalikwenda vizuri. Mara nyingi hayakwenda vizuri. Wapagazi walitoroka, watemi walidai hongo, maji yalikosekana Ugogo, na Wazungu wageni walikufa kwa homa.

Hapo ndipo Stokes alipoonekana kuwa na kipaji. Mahubiri yake hayakuacha jina, lakini misafara yake iliacha. Alijifunza lugha, alikula na watu, alijua kupanga bei ya hongo bila kumuudhi mtemi wala kufilisi shirika, na alijua jambo ambalo Wazungu wengi wa wakati ule walikuwa hawataki kulijua: kwamba mpagazi wa Kinyamwezi hakuwa mtumwa, alikuwa mtu wa biashara.

Hapa panafaa kusimama kidogo, kwa kuwa watu wengi hudhani misafara yote ya karne ile ilikuwa minyororo na mijeledi. Minyororo ilikuwepo, na ukatili wake haufichiki. Lakini njia kuu ya kati ilijengwa zaidi na Wanyamwezi na Wasukuma wenyewe, waliokwenda pwani kwa hiari kutafuta mali. Walikuwa ni wakulima. Waliondoka mavuno yakishaingia ghalani, wakashuka pwani wakati wa kiangazi, na wakataka kurudi kabla mvua hazijaanza ili wawahi kulima. Mwenye msafara aliyetaka kuwapakia mizigo wakati wa kupanda alijikuta amebaki peke yake na marobota yake. Stokes alizifahamu kalenda hizo za shamba, na kwa hiyo aliweza kukusanya wapagazi mahali ambapo wengine walishindwa. Katika miaka yake ya juu, msafara wake uliweza kuzidi watu 2,000.

Nao wakulima wa njiani walikuwa na soko lao. Msafara wa watu elfu moja unakula, na unakula kila siku. Mtama, karanga, viazi, kuku na mbuzi vilibadilishwa kwa merikani, kaniki, shanga na waya za shaba. Posho, neno ambalo leo mtu hulitamka bila kulifikiria, lilikuwa ndio roho ya safari. Huku kusini mwa ziwa kulikuwa pia na fedha nyingine ya aina yake, nayo ni jembe. Wahunzi wa Uzinza, upande ambao leo ni Geita na Sengerema, walifua majembe yaliyovuka maji na kuingia Usukuma kwa wingi, yakanunua ng'ombe na nafaka, na kutolewa hata kama mahari. Kwa mtu mwenye jicho la biashara kama Stokes, nchi hii ilikuwa imekwisha kuwa soko kabla ya yeye kufika.

Mwaka 1882 ndiye aliyeongoza msafara uliomleta James Hannington hadi kusini mwa ziwa. Hannington aliugua vibaya na kurudishwa kwao, akaja tena akiwa askofu kwa njia ya Umasai, na Oktoba 1885 akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga.

Januari 1883 Stokes alifunga ndoa Unguja na Ellen Sherratt, muuguzi aliyekuja na misheni nyingine ya Kiingereza. Ndoa haikufikisha hata miaka miwili. Machi 1884 Ellen alijifungua mtoto wa kike, na siku chache baadaye akafariki. Mtoto alinusurika.

Baada ya msiba huo Stokes alioa tena, na safari hii alioa huku huku. Mke aliitwa Limi, jina ambalo kwa Kinyamwezi na Kisukuma maana yake ni jua. Alikuwa wa ukoo wa Mtinginya, mtemi wa Usongo, katika Unyamwezi, njiani baina ya Tabora na ziwa. Shirika la misheni halikuvumilia. Mzungu mjane kumwoa Mwafrika, na zaidi ya hapo kuonekana akinunua na kuuza pembe za ndovu kwa faida yake, vilitosha. Wakaachana naye.

Kuna wanaosema alifukuzwa kwa sababu ya ndoa, wengine kwa sababu ya biashara. Ukweli ni kwamba mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Kwa kumwoa Limi, Stokes aliingia katika ukoo wa mtemi mwenye watu, mwenye njia na mwenye sauti. Tangu hapo wapagazi wake hawakuwa wa kukodiwa tu, walikuwa mashemeji. Usongo ikawa makao yake makuu, na Saadani ikawa mlango wake wa pwani. Pembe zilishuka, nguo na shanga zikapanda.

Pamoja na nguo na shanga zilipanda bunduki.

Jambo hili ndilo linalotia doa maisha ya Stokes, na halipaswi kupakwa rangi. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yamebadili silaha zao, yakaacha bunduki za zamani za kushindilia na kuchukua mpya za kupakia nyuma. Bunduki hizo kuukuu zililetwa Unguja kwa maelfu na kuuzwa kama bidhaa nyingine yoyote. Mtemi aliyekuwa nazo alimshinda jirani asiyekuwa nazo. Jirani naye akatafuta za kwake. Mfanyabiashara aliuza pande zote na kupokea pembe, ng'ombe, au ruhusa ya kupita. Nyuma ya kila robota la baruti kulikuwa na vijiji vilivyochomwa, na Stokes alilijua hilo kama wenzake wote walivyolijua.

Kilichompa umaarufu wa kweli ni mkasa wa Mwanga.

Kabaka Mwanga wa Buganda, kijana aliyerithi kiti cha baba yake Mutesa mwaka 1884, alipinduliwa Septemba 1888 na raia zake mwenyewe, Wakristo na Waislamu wakiwa pamoja. Alikimbia na mitumbwi michache, akakata ziwa lote kuja kusini, akafikia Magu kwa wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa na makazi pale. Huko hakukaa kwa raha; alikuwa mgeni na mateka kwa wakati mmoja. Hatimaye akawatoroka na kukimbilia Bukumbi kwa mapadri Wafaransa, wale White Fathers. Bukumbi ni ile ile ya wilaya ya Misungwi, mwendo mfupi kutoka Kigongo, ambako daraja la kwenda Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Wasafiri wanaovuka ghuba hiyo kwa dakika chache wanapita karibu kabisa na mahali ambapo mfalme aliyewahi kuchoma watu moto kwa sababu ya dini yao alikuja kuomba hifadhi kwa wenye dini hiyo.

Wakati huo Buganda kwenyewe mambo yalikuwa yamegeuka. Oktoba 1888 Waislamu waliwatimua Wakristo, na Wakristo wakakimbilia Nkore. Ghafla waliomfukuza Mwanga wakawa wanamhitaji. Mfalme alikuwepo, jeshi lilikuwepo ng'ambo, kilichokosekana ni mtu mwenye chombo cha majini na silaha. Wamisionari wa Kiingereza walisita kuingia katika vita. Stokes hakusita. Alikuwa na mashua yake ziwani, alikuwa na bunduki na baruti, na kwa hesabu za mfanyabiashara, mfalme anayedaiwa ni mteja wa kudumu. Buganda ilikuwa moja ya masoko makubwa ya pembe katika eneo zima.

Mwaka 1889 wakaondoka. Walipojaribu kushuka pwani ya magharibi ya Buganda, vita iliwaendea vibaya na wafuasi wa Mwanga wakapigwa. Ndipo wakaelekea visiwa vya Sese, na hapo upepo ukageuka. Wasese, mabingwa wa mitumbwi, wakamuunga mkono Mwanga. Anayemiliki mitumbwi ya Sese anamiliki ziwa, na anayemiliki ziwa anaweza kumnyima adui yake chakula, bidhaa na baruti. Mwanga akaweka kambi katika kisiwa cha Bulingugwe, karibu kabisa na mji mkuu, na Stokes akaendelea kuvusha silaha kutoka kusini. Oktoba 1889 Mwanga akarudi katika mji wake. Alifukuzwa tena mwezi uliofuata, akarudi tena Februari 1890, na safari hii akakaa.

Kwa maneno mengine, mwinjilisti aliyefukuzwa na misheni, kwa mashua moja na shehena za baruti, alisaidia kuamua nani atawale Buganda, na hivyo dini gani ingekuwa na nguvu kaskazini mwa ziwa kwa miaka iliyofuata. Misheni iliyomkataa ilifaidika na kazi yake kuliko yeye mwenyewe alivyofaidika.

Lakini mafanikio hayo yalikuja wakati mbaya. Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilisaini mkataba wa kugawana nchi, na mstari ukachorwa katikati ya Ziwa Victoria. Mwezi huo huo mkataba mwingine ukatiwa saini Brussels, ukipiga marufuku uuzaji wa bunduki za kisasa na baruti katika sehemu kubwa ya Afrika. Mtu ambaye jana alikuwa mchuuzi, leo akawa mlanguzi. Njia zake ni zile zile na bidhaa ni ile ile, kilichobadilika ni sheria tu.

Stokes alijaribu kuishi na mabadiliko hayo. Akaingia katika utumishi wa Wajerumani, ambao walimhitaji kwa sababu zile zile walizomhitaji wamisionari: wapagazi na mawasiliano mema na watemi. Mwaka 1890 aliwasaidia wakati Emin Pasha alipoongoza msafara wao kuja Tabora na ziwani, msafara uliofungua kituo cha Bukoba Novemba ya mwaka huo. Emin, mwanasayansi na mtumishi wa serikali, alitaka amri zifuatwe. Stokes alizoea kuamua mwenyewe. Wakagombana, na Stokes akatoka katika utumishi huo. Mwaka 1892 Wajerumani walifungua kituo Mwanza, na pwani ile aliyokuwa akipita apendavyo ikawa na askari na bendera.

Kaskazini nako hapakuwa tena mahali pake. Lugard aliingia Buganda Desemba 1890 kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza, na moja ya mambo yaliyomtia wasiwasi ni silaha za Stokes zisije zikaangukia mikononi mwa upande usiotakiwa. Juu ya yote hayo, mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1890 sotoka iliua ng'ombe nchi nzima kuzunguka ziwa. Kwa wafugaji wa Usukuma lilikuwa pigo ambalo babu waliwasimulia wajukuu. Kwa mfanyabiashara lilikuwa na maana moja: wateja wamefilisika.

Ndipo alipotazama magharibi.

Kongo wakati huo ilikuwa bado na tembo wengi. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulikuwa umetangaza kwamba bonde lote la Kongo litakuwa eneo la biashara huria, mtu wa taifa lolote aruhusiwe kununua na kuuza. Kwenye karatasi, Stokes alikuwa na haki ya kwenda. Lakini Leopold, aliyeimiliki nchi ile kama shamba lake binafsi, alikuwa amekwisha kulizunguka tangazo hilo. Mwaka 1891 alitoa amri iliyofanya pembe na mpira wa porini kuwa mali ya serikali yake. Aliyenunua pembe kutoka kwa wenyeji alihesabika kuwa ananunua mali ya wizi.

Zaidi ya hapo, kulikuwa na vita. Kuanzia 1892 hadi 1894 majeshi ya Leopold yalipigana na Waarabu na Waswahili waliokuwa wakitawala biashara ya mashariki ya Kongo tangu enzi za Tippu Tip. Mmoja wa wakubwa hao aliitwa Kibonge. Ndiye aliyetoa amri ya kuuawa kwa Emin Pasha Oktoba 1892. Na ndiye mtu ambaye Stokes, aliyewahi kumtumikia Emin, alikuwa akiandikiana naye barua za biashara.

Mwaka 1894 Stokes aliingia Kongo na msafara mkubwa. Kapteni Hubert Lothaire, kamanda wa Leopold katika eneo hilo, akapata barua ya Stokes kwa Kibonge. Desemba akamtuma luteni wake, Josué Henry, na askari wapatao 70. Walimkuta Stokes kambini, sehemu kubwa ya watu wake wakiwa mbali porini, wakamkamata hemani mwake. Januari 1, 1895 Kibonge aliuawa. Wiki mbili baadaye ikaja zamu ya Stokes.

Inaonekana Stokes hakuamini mpaka dakika za mwisho kwamba wangemuua. Alikuwa Mzungu mwenye pasi na jina, mtu aliyekwisha kufanya kazi na mataifa mawili makubwa. Hesabu yake ilikuwa kwamba wangemnyang'anya mali na kumrudisha ziwani. Katika maisha yake yote ya misafara alikuwa ametoka katika matatizo kwa kuzungumza na kulipa. Lothaire hakuwa mtemi wa kudai hongo.

Habari zilichukua miezi kufika Ulaya. Agosti 1895 magazeti ya London yakalipuka. Uingereza ilidai maelezo kwa sababu Stokes alikuwa raia wake. Ujerumani ikadai pia, kwa sababu msafara wake ulitoka katika himaya yake. Swali lililoulizwa na wengi halikuwa la baruti bali la pembe: je, huyu mtu aliuawa kwa kuwauzia waasi silaha, au kwa kuwa alikuwa mshindani katika biashara ambayo serikali ilitaka iwe yake peke yake? Ushahidi wa barua unaonyesha kwamba shutuma za silaha hazikutungwa hewani. Lakini haraka ile ya kumaliza kesi kwa siku moja, na tamaa ya pembe iliyokuwa ikijulikana kila mahali katika utawala wa Leopold, viliwapa watu sababu ya kutilia shaka.

Leopold alilipa. Uingereza ilipata faranga 150,000, Ujerumani 100,000. Ikatolewa pia amri ya kuzuia Wazungu wasihukumiwe kifo na mahakama za kijeshi za namna ile. Amri hiyo ilihusu Wazungu tu. Lothaire alishtakiwa Boma, akaachiwa Aprili 1896. Rufaa ikasikilizwa Brussels, na Agosti mwaka huo akaachiwa tena.

Katika hesabu hizo zote, hakuna mahali ambapo mauaji ya Wakongo yalitengewa faranga. Maelfu yao walikuwa wakifa katika vita na katika kazi ya kulazimishwa ya kugema mpira, na Ulaya ilikuwa kimya. Ilihitaji mfanyabiashara mmoja wa Kiireland kunyongwa ili magazeti yaanze kuchungulia ndani ya Kongo ya Leopold na kuona kwamba biashara huria iliyotangazwa Berlin haikuwepo. Miaka iliyofuata wengine waliendeleza uchunguzi, mpaka mwaka 1908 Leopold akalazimika kuiachia nchi hiyo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji.

Huku ziwani, ulimwengu wa Stokes ulikwisha haraka. Mwanga, yule mteja wake mkubwa, aliasi dhidi ya Waingereza mwaka 1897, akakimbilia tena kusini kama zamani. Safari hii hapakuwa na mashua ya kumrudisha. Wajerumani walimkamata na kumweka kizuizini Mwanza. Alitoroka, akapigana tena, akakamatwa na Waingereza, na mwaka 1903 akafia uhamishoni Shelisheli. Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika ziwani, mahali ambapo leo ni Kisumu, na mzigo uliokuwa ukibebwa kwa miezi mitatu ukawa unafika kwa siku chache. Vijana wa Usukuma na Unyamwezi waliokuwa wakishuka pwani na pembe mabegani walianza kutafuta fedha kwa njia nyingine, na miaka si mingi baadaye pamba ikaanza kuingia katika mashamba yao.

Stokes aliacha watoto katika mabara mawili. Binti wa Ellen alikulia Ulaya. Uganda alibaki mtoto wa kiume, Charles Kasaja Stokes, aliyezaliwa na mama wa Kiganda, na ukoo wake umeendelea huko.

Ama Kapteni Lothaire, baada ya kuachiwa hakurudi kijijini kwao kulima. Alirudi Kongo akiwa mkurugenzi wa kampuni ya mpira katika eneo la Mongala, ambako mwaka 1900 ukatili uliofanywa na watu wa kampuni hiyo dhidi ya wanavijiji ulizua kashfa nyingine, naye akaondoka nchini.